Kelele Nitampigia Nani? Gari Lisilo na Dereva Ndani ya Matatu ya Nakuru–Kisumu

Matatu ilikuwa bado inasubiri abiria wawili pale steji ya Nakuru, makanga ameegemea mlango akiita "Kisumu wawili, wawili twende", wakati mama aliyeketi nyuma ya dereva alipofungua video aliyotumiwa na mpwa wake wa Phoenix, jimbo la Arizona. Sauti ilikuwa juu, kama kawaida yetu. Kijana amekaa kiti cha nyuma cha gari jeupe, amefunga mkanda, anacheka peke yake. Mbele yake usukani unazunguka kushoto, unarudi katikati, unazunguka kulia. Kwenye kiti cha dereva hakuna mtu. Abiria wawili wale walipopanda, simu ilikuwa imeshapita mikono sita, na mtu wa nyuma kabisa alikuwa amesema, "Hiyo ni jini, si gari." Tulicheka sote.

Mjadala ulioanza hapo ulituchukua hadi Ahero, na kwa kuwa nafundisha saikolojia ya jamii, nilitoa daftari. Nimezoea kuwapa watu dodoso: unaiamini teknolojia hii sana, kiasi, au huiamini kabisa? Tia alama. Zile kilomita 180 hivi zilinionyesha jambo ambalo dodoso zangu hazijawahi kulinasa. Sacco sitaitaja, wala abiria wenyewe. Ilikuwa Desemba, nauli imepanda, kila mtu anakwenda nyumbani.

Kabla ya Londiani

Kwanza niliwaeleza nilichokijua kuhusu gari lenyewe, maana uvumi ulikuwa umeshaanza kuota miguu. Mradi ulianzia Google mwaka 2009, ukawa kampuni ya Waymo mwaka 2016, na tangu mwishoni mwa 2020 mkazi wa kawaida wa Phoenix anaweza kuliita gari kwa simu likaja bila mtu kwenye usukani. Wahandisi wana ngazi zao, kuanzia 0 hadi 5. Hili liko ngazi ya 4, yaani linajiendesha kikamilifu, lakini ndani ya eneo lililokwisha kuchorewa ramani tu. Hapo dereva, ambaye alikuwa kimya tangu steji, alinitazama kwenye kioo.

"Kumbe lina ruti yake," akasema. "Kama mimi."

Dereva huyu alikuwa na hoja nzito kuliko nilivyotarajia. Hakusema mashine haiwezi. Alisema haijui. Lori likiteremka Salgaa na fri, dereva wake ametoa gia ili aokoe mafuta, utalijua kwa mlio kabla hujaliona. Ng'ombe hulala kwenye lami usiku kwa sababu lami huhifadhi joto. Boda boda iliyobeba godoro haikati kona kama isiyobeba. Lori la mbele likiwasha indiketa ya kushoto linakuambia pita, likiwasha ya kulia linakuambia ngoja, kuna kitu. "Hiyo lugha wameiandika wapi?" aliuliza. "Kwa kitabu haiko."

Nikampa kisa cha Tempe, mji ulio jirani na Phoenix. Machi 18, 2018, gari la majaribio la Uber lilimgonga na kumuua Elaine Herzberg, aliyekuwa akivuka barabara usiku huku akisukuma baiskeli. Wachunguzi waligundua kwamba mfumo ulimwona sekunde kadhaa kabla ya kumgonga, ukabaki unabadilisha jibu: ni gari, ni kitu kingine, ni baiskeli. Haukuwa umeundwa kumfikiria mtu anayevuka pasipo na kivuko. Ndani ya gari alikuwamo binadamu aliyeajiriwa kushika usukani panapohitajika, na macho yake yalikuwa kwenye simu. Dereva wetu alicheka, ila si kwa furaha. "Pasipo na kivuko? Na sisi hapa tunavukia wapi? Kila mahali."

Mtafiti mwenye haraka angemwandikia: anajiamini kupita kiasi. Na kweli hilo lipo. Mtafiti Ola Svenson alichapisha mwaka 1981 utafiti aliowataka madereva wa Marekani na Sweden wajipime na wenzao. Asilimia 93 ya Wamarekani walijiweka katika nusu ya madereva hodari, hesabu ambayo haiwezi kutimia. Dereva wetu naye alisema ana miaka 19 bila ajali, kisha akakumbuka moja, kisha akasema ile haikuwa yake. Lakini kumbandika alama hiyo na kugeuza ukurasa ni kumpunja. Anayoyajua kuhusu mteremko wa Salgaa ni elimu, na ndiyo bidhaa anayouza kila siku. Ile video ilikuwa inamwambia kwamba kuna mahali bidhaa hiyo inapatikana bila yeye. Sikumuuliza kuhusu kazi. Aliitaja mwenyewe mara moja tu, karibu na Sachangwan, bila kugeuka: "Kijana wangu yuko kidato cha tatu. Huwa anasema atakuwa dereva. Sasa sijui." Hakuna aliyemjibu.

Aliyeitetea mashine kwa sauti kubwa alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu. "Bora mashine. Hailewi, hailali, haitafuni miraa, haikimbizani na wenzake kuwahi abiria." Hakunishangaza, kijana, mwanamume, msomi, wa mjini, ndiye anayeonekana mbele katika tafiti nyingi za aina hii. Akaongeza kwamba ajali karibu zote ni makosa ya binadamu. Takwimu hiyo, asilimia 94, huzungushwa sana, lakini shirika la usalama barabarani la Marekani lililoitoa mwaka 2015 lilitahadharisha papo hapo kwamba kuwa kiungo cha mwisho katika mnyororo wa ajali si sawa na kuwa chanzo chake. Hata hivyo hoja ya kijana haikuwa nyepesi. Mwaka 2024 barabara za Kenya ziliua zaidi ya watu 4,700, kundi kubwa kuliko yote likiwa watembea kwa miguu. Anayetetea dereva wa kibinadamu anatetea pia hesabu hiyo.

Makanga ndiye aliyempunguza kasi. "Na trafiki atasalimiwa na nani?"

Vicheko vilipoisha, kijana akasema hilo ndilo jambo zuri lenyewe, mashine haihongi. Makanga akatikisa kichwa kama mtu anayemwonea huruma mtoto. "Hata gavana ni mashine. Tuliifanya nini?" Kila aliyekuwa ndani alijua jibu. Tangu sheria za Waziri John Michuki zianze kutekelezwa mwaka 2004, matatu inapaswa kuwa na kidhibiti mwendo, ndicho hicho gavana, kisichoruhusu zaidi ya kilomita 80 kwa saa, na fundi wa kukinyamazisha hajawahi kuwa mbali. Kijana aliiona mashine kuwa nyoofu kwa sababu haina tamaa. Makanga aliiona nyoofu mpaka ikutane na mwenyewe. Kwenye dodoso wote wawili wangeulizwa kama wanaiamini teknolojia, ilhali hawakuwa wakibishania teknolojia hata kidogo. Walikuwa wakibishania nani ataishika.

(Google hiyo hiyo, kwa njia, ilileta Nairobi kadi ya kulipia nauli, BebaPay, mwaka 2013. Mwaka 2015 ilifungwa. Kadi ilifanya kazi. Kilichoshindikana ni kuwashawishi watu wanaogawana pesa taslimu jioni, kutoka mwenye gari hadi kijana wa steji, kwamba wanaihitaji. Huwa nakumbuka kisa hicho kila mtu anaponiambia kitu fulani kitakubaliwa kwa sababu kinafanya kazi.)

Kulikuwa na nesi pia, anayefanya kazi Kisumu katika hospitali ambayo wenyeji bado wanaiita Russia. Yeye alitaka hesabu tu. Kama gari la mashine litampunguzia majeruhi hata robo, na lije kesho. Nikamuuliza kama angempakia mtoto wake wa miaka sita ndani yake, peke yake, limpeleke shule. Alifungua mdomo, akaufunga. "Wangu, hapana. Kwanza lijaribiwe na wengine." Alicheka mwenyewe alipojisikia. Watafiti Jean-François Bonnefon, Azim Shariff na Iyad Rahwan waliliandikia jambo hili mwaka 2016: watu hukubali kwamba gari lipangwe kuokoa wengi hata kama ni kwa kumtoa abiria wake, kisha wao wenyewe hutaka kununua lile litakalomlinda aliyemo ndani. Sioni unafiki hapo. Nesi alikuwa na kazi mbili, ya umma na ya umama, na kila moja ilijibu swali lake.

Wa mwisho kusema alikuwa bibi wa miaka sabini na kitu, anayekwenda Ahero, ambaye kila mtu alimwita Dani, yaani nyanya kwa Kijaluo. Video aliitazama mara mbili, simu ameishika mbali na macho. Hakusema jini. Aliuliza, "Na hiyo gari ikikosea, kelele nitampigia nani?"

Tulicheka tena. Mimi pia nilicheka, na kwenye daftari nikaandika: *umri mkubwa, hofu ya teknolojia*.

Londiani hadi Awasi

Tulipofika njia panda ya Londiani mazungumzo yalikatika bila mtu kuagiza. Juni 30, 2023, jioni, lori liliacha barabara pale likawaparamia watu waliokuwa steji na wachuuzi kando yake, na zaidi ya 50 wakafa. Mama mwenye simu aliinamisha kichwa. Dereva alizima redio, akaiwasha tena mbele.

Ukimya ule unahitaji maelezo. Watu waliokuwa wamesema hawawezi kupanda gari lisilo na dereva walikuwa wanapita mahali ambapo magari yenye madereva yameua watu wengi kuliko magari yote yanayojiendesha duniani. Hesabu peke yake ingewafanya wabadilishe mawazo hapo hapo. Mwanasaikolojia Paul Slovic alionyesha tangu mwaka 1987 kwamba watu hawaipimi hatari kwa idadi ya maiti. Huuliza kama inatisha, kama inaeleweka, kama mtu ana uwezo wowote juu yake. Wamarekani wenyewe, walio na magari hayo mitaani, hawako mbali nasi: mwaka 2023, chama chao cha wenye magari, AAA, kilipouliza, asilimia 68 walisema wanaogopa gari linalojiendesha. Ajali ya Londiani ilieleweka. Lori, mwendo, binadamu. Tunajua kuililia. Ya Tempe, mfumo uliokuwa ukijiuliza kama mtu ni baiskeli, hatuna wimbo wake wa kilio.

Hayo ndiyo niliyokuwa nikiyaandika tulipopita Kericho na kuanza kushuka kuelekea bondeni. Ni maelezo sahihi. Ila hayakutosha.

Karibu na Awasi tulilikuta trekta lenye trela la miwa, limejaa hadi kumwaga, linatambaa. Barabara ilikuwa inapinda. Dereva wetu, aliyekuwa ametueleza kwa ufasaha ule wote kuhusu indiketa ya kulia na ya kushoto, akatoka kulipita. Basi likatokea mbele likimulika taa. Naikumbuka ile sekunde kwa aibu: niliona, nesi aliona, mwanafunzi aliona, na sote tulishika viti vya mbele yetu tukanyamaza.

"Dere! Dere! Hapana, bwana! Rudi!"

Alikuwa Dani. Dereva akakanyaga breki, akarudi nyuma ya trela, basi likapita na honi yake ndefu. Makanga akasema, "Pole, Dani." Dereva hakusema kitu, lakini kutoka hapo sindano ya mwendo haikuvuka 70. Nilikuwa naiangalia.

Nikafungua daftari na kufuta nilichokuwa nimemwandikia.

Swali lililochekwa

Swali la Dani tulilichukulia kama mzaha wa mzee asiyejua mambo. Kumbe lilikuwa swali la kiufundi. Katika gari analolijua yeye kuna kifaa cha usalama ambacho hakimo kwenye gari la Phoenix kama anavyolielewa: sauti ya abiria, na sikio la mtu anayeweza kuona haya.

Tena kifaa hicho kimepimwa, na kimepimwa hapa hapa Kenya. James Habyarimana na William Jack wa Chuo Kikuu cha Georgetown walichapisha mwaka 2011 matokeo ya jaribio lililohusisha matatu zaidi ya 2,000 za masafa marefu. Baadhi zilibandikwa vibandiko ndani vikiwahimiza abiria waseme dereva akiendesha vibaya, na madereva wakawekewa bahati nasibu ya kila wiki ili wasivibandue. Madai ya bima ya matatu hizo yalipungua kwa nusu hadi theluthi mbili. Kutokana na kazi hiyo ilikuja kampeni ya Zusha!, ambayo wengi wetu tumeona vibandiko vyake dirishani. Teknolojia chache za bei ghali zinaweza kujivunia matokeo kama hayo ya karatasi yenye gundi.

Mbona kikahitajika kibandiko? Kwa sababu ya kile tulichofanya sisi tisa au kumi tuliokodoa macho. Wanasaikolojia Bibb Latané na John Darley, katika jaribio lao la mwaka 1968, walimweka mtu katika chumba kinachoingia moshi. Akiwa peke yake, robo tatu walitoka kutoa taarifa. Akiwa na wawili waliojifanya hawaoni kitu, mmoja tu kati ya kumi ndiye aliyetoka. Ndani ya matatu moshi una majina mengine. Utaonekana mwoga. Utaambiwa shuka ununue yako. Dereva ni mtu mzima, anajua kazi yake. Dani alikuwa na ruhusa tusiyokuwa nayo, ya umri. Bibi akipiga kelele hajamtukana mtu. Kibandiko humpa kijana wa miaka 20 ruhusa kama hiyo.

Kwa hiyo nikamgeukia nikamjibu kwa uzito uliostahili. Nikamwambia: Dani, katika gari lile kuna skrini yenye kitufe cha kuliambia lisimame kando, na ukitaka unaongea na mtu wa kampuni aliye mbali.

"Anaona hiyo trekta?"

Nikamwambia kamera zipo, anaweza kuona.

"Na basi ikitugonga, yeye ataumia?"

Sikuwa na jibu la kulainisha hilo. Hapo kuna jambo ambalo sioni dodoso gani linaliuliza: imani yetu kwa dereva haitokani na uhodari wake pekee. Inatokana pia na kwamba yumo. Ana ngozi yake ndani ya bati lile lile. Hata dereva mbaya anataka kufika. Mashine inaweza kuwa salama mara kadhaa kuliko yeye na bado ikakosa kitu hiki kimoja, kwa sababu haina pa kufika.

Mwanafunzi hakukubali kushindwa, na namsifu kwa hilo. Akanyoosha mkono upande wa Chemelil. "Dani, hapo kuna ndege zinabeba damu na dawa hadi zahanati, hazina rubani. Mbona hizo hamzikatai?"

"Hazijanibeba mimi," Dani akasema.

Hata hivyo si mtu wa kukataa kila kipya. Nauli yake alilipa kwa M-Pesa, akasoma ujumbe wa uthibitisho neno kwa neno kabla ya kuitia simu kwenye kanga. M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 ilimtaka mtu akabidhi pesa kwa kitu asichokiona, na kizazi chake kiliikubali. Lakini tukumbuke kilichokuwapo mlangoni: duka, wakala anayejulikana kijijini, daftari la kutia sahihi. Pesa zikipotea ulijua pa kwenda kusimama. Watu walimwamini wakala kwanza. Mashine iliingia mgongoni mwake.

Hilo linanisaidia kuelewa kwa nini masahihisho madogo yana nguvu kuliko takwimu kubwa. Mtafiti Berkeley Dietvorst na wenzake walionyesha mwaka 2015 kwamba watu huiacha programu wakiiona imekosea mara moja, hata kama bado inawashinda binadamu kwa usahihi. Baadaye wakagundua kwamba ukimruhusu mtu aibadilishe kidogo tu, hata kidogo kisichosaidia kitu, huikubali. Na linanisaidia kuelewa kisa cha Cruise, kampuni nyingine ya magari yasiyo na dereva, San Francisco. Oktoba 2, 2023, gari lao lilimburuta mwanamke ambaye gari lingine lilikuwa limemrusha mbele yake. Ajali ilianzishwa na binadamu aliyekimbia. Lakini siku 22 baadaye kibali cha kampuni kilisimamishwa, na mamlaka ya jimbo ilisema, miongoni mwa mengine, kwamba haikuonyeshwa video yote ya tukio. Mwisho wa mwaka uliofuata, General Motors, iliyokuwa ikiimiliki, ikaacha kuugharimia mradi. Waliulizwa swali la Dani, kelele tumpigie nani, na aliyepaswa kusikia alikuwa ameziba sikio.

Kama ningeitwa leo kuwashauri wanaofikiria kuleta gari la aina hiyo Kisumu, nisingeanza na hofu ya wananchi. Ningeanza na namba ya simu, nani anaipokea, kwa lugha gani, na akikosea anapelekwa kwa nani.

Dani alishuka Ahero. Makanga alimshushia gunia, dereva akatoka upande wake, jambo ambalo madereva hawafanyi, akalibeba hadi kando ya barabara. Waliongea maneno machache kwa Kijaluo ambayo sikuyapata. Alirudi akaendesha hadi Kisumu kwa mwendo ule ule wa 70.

Steji ya Kisumu abiria wote walitawanyika. Nilikuwa nafunga mkoba dereva aliponigusa bega. Alikuwa ameiomba ile video kwa yule mama, sasa iko kwenye simu yake. Aliipeleka mbele hadi mahali ambapo gari linapunguza mwendo, na sekunde mbili baadaye mtoto mwenye baiskeli anatokea nyuma ya lori lililoegeshwa.

"Hapa," akasema, akirudisha nyuma aitazame tena. "Ilijuaje?"